Bibi Kijiko na Kinyesi cha Mheshimiwa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo nimemwomba fundi mitambo asiweke wimbo wa kufungulia kipindi. Ninayemkumbuka leo hakuwa mtu wa nyimbo. Alikuwa mtu wa kijiko.

Jumanne wiki hii, alfajiri, alifariki dunia mwanamke ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu: Bibi Kijiko. Mnamjua kwa sababu yangu. Jina hilo nilimpa mimi, hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki, miaka sita iliyopita. Nilisimulia habari za jirani yangu anayetembea mtaani asubuhi na kijiko cha plastiki akichota kinyesi cha mbwa. Niliigiza sauti yake. Niliigiza hata anavyoinama. Mlicheka sana. Mlipiga simu mkaniomba nirudie, nami nikarudia, wiki baada ya wiki, mpaka watoto wa mtaa wakawa wanamfuata kwa nyuma wakigonga vijiko.

Basi leo nataka kuwaambia kijiko kile kilikuwa cha nini. Nilitakiwa kuwaambia miaka miwili iliyopita. Nilimwahidi. Sikufanya.

Marehemu alikuwa mtaalamu wa maabara katika kliniki ndogo ya wanyama, mitaa miwili kutoka nyumbani kwake. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Ameondoka akiwa na miaka sitini na mmoja, ghafla, kwa maradhi ya moyo. Ameacha mume, ambaye ni fundi saa aliyestaafu, na binti mmoja, fundi umeme. Na ameacha daftari. Hilo daftari nitalirudia.

Kazi yake ilikuwa nini hasa? Alitazama kinyesi. Nisipindishe maneno. Watu walileta mbwa wao wakiwa wamekonda, wamelegea, manyoya yamenyonyoka, na daktari akamwambia marehemu, "Mama, hebu angalia." Naye alienda kwenye chumba chake chenye dirisha moja, meza moja na darubini moja, akaangalia.

Binti yake ameniambia hivi: "Mama alikuwa anasema utumbo wa mbwa ni kiwanda. Ndani kuna vijidudu visivyohesabika, na vingi si wezi, ni wafanyakazi. Vinasaga chakula, vinalinda mlango, vinafukuza vibaya. Ukitaka kujua kiwanda kinaendaje, usimuulize mlinzi. Tazama kinachotoka."

Ndiyo maana ya kijiko, wasikilizaji. Alikuwa anatazama kinachotoka.

Na hakuishia kliniki. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alipita mtaani kwetu. Alipokuta kinyesi cha mbwa aliinama, akakipima kwa kijiko, akakipa namba. Moja ni kigumu kama jiwe. Saba ni maji matupu. Mbili ndiyo bora: kimeshikana, kina unyevu kidogo, kinaokotwa bila kuacha alama. Aliandika jina la mbwa, tarehe, namba. Kisha alikiokota akakitupa panapostahili. Mtaa wetu ulikuwa msafi na sisi tulidhani ni manispaa.

Sasa niwarudishe miaka miwili nyuma. Siku ya Alhamisi.

Kulikuwa na opereta wa simu katika hospitali kubwa. Haoni tangu akiwa na miaka tisa. Mkipiga simu hospitali, sauti ile nzito inayosema, "Subiri kidogo, nakuunganisha," ni yake. Aliwahi kugongwa na gari kwenye njia panda mbele ya hospitali. Alivunjika nyonga. Baada ya hapo, kwa mwaka mzima, dada yake alimshika mkono kumpeleka kazini, na mlinzi alimshika mkono kumpeleka chooni. Mtu mzima wa miaka arobaini. Kisha akapata mbwa mwongozaji. Jina la mbwa ni Taratibu. Taratibu alimvusha ile njia panda mara mbili kwa siku, miaka mitatu, bila kukosea hata siku moja.

Kisha Taratibu akajikata ukucha. Jambo dogo. Akapewa antibiotiki na mfamasia mmoja. Kidonda kikapona, lakini tumbo likaharibika. Akaharisha. Kwa kuwa anaharisha, akapewa antibiotiki nyingine. Akaharisha zaidi. Akapewa ya tatu. Alipofikishwa kliniki kwa marehemu alikuwa na kilo ishirini na tatu. Zamani alikuwa na thelathini na moja. Alikuwa ameanza kuharisha njiani, akiwa kazini, katikati ya barabara, amevaa mkanda wake wa kuongozea. Opereta alisema mbwa alikuwa anatetemeka kwa aibu.

Marehemu alitazama kwenye darubini muda mrefu. Daktari anakumbuka maneno yake: "Hapa hakuna ugonjwa wa kuua. Hapa hakuna kitu. Tumefukuza wezi na wafanyakazi pamoja. Kiwanda kitupu."

Chuo kilichomfundisha Taratibu kikapata habari. Kikaandika barua. Jumatatu saa tatu asubuhi msimamizi angekuja. Kama mbwa bado anaharisha, angemchukua, na mbwa wa namna hiyo harudishwi kazini. Daktari alijua zaidi ya barua. Kwa hali ile, alisema, Taratibu hamalizi mwezi. Na foleni ya kupata mbwa mwingine ni miaka minne.

Opereta aliposomewa barua alisema neno moja tu: "Basi narudi kushikwa mkono."

Marehemu akasema kuna jambo la kujaribu. Unachukua kinyesi kibichi cha mbwa mwenye afya kamili. Unakichanganya na maji ya chumvi ya vuguvugu. Unakichuja. Unakipitisha kwa mrija wa mpira, kwa nyuma, mpaka kwenye utumbo wa mgonjwa. Unaajiri wafanyakazi wapya, kwa kifupi. Lakini huyo mbwa wa kuchukuliwa lazima awe safi. Asiwe na minyoo. Na kikubwa kuliko vyote, asiwe amemeza antibiotiki kwa miezi mingi. Akimeza, kiwanda chake nacho kimevurugika. Unakwenda kuazima wafanyakazi kwenye nyumba ambayo nayo imewafukuza.

Yeye alikuwa na mbwa kama huyo. Wa kwake mwenyewe, nyumbani. Kibonge. Alimpima, yuko safi. Ikapangwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Daktari angemlaza Taratibu usingizi mwepesi. Saa kumi na moja daktari angeondoka, ana safari ya mkutano, harudi mpaka Jumapili jioni. Kwa hiyo ni Alhamisi, kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Wakikosa hapo, wamekosa.

Alhamisi saa sita mchana marehemu alirudi nyumbani kumchukua Kibonge. Aliingia jikoni kunywa maji. Kwenye ndoo ya taka aliona karatasi ya vidonge, ile ya kung'aa, matundu yote yamefunguliwa.

Mume wake amekubali niyaseme haya. Amesema niyaseme, asije akasingiziwa mtu mwingine. Maneno yake ni haya:

"Nilimwona Kibonge anajikuna sikio. Nikasema, huyu Alhamisi ana kazi kubwa, asije akampelekea mwenzake ugonjwa. Kulikuwa na vidonge vimebaki kabatini tangu mwaka jana. Nikampa asubuhi na jioni, siku tatu. Nilitaka awe safi. Mke wangu aliokota ile karatasi akaniuliza, 'Ulimpa vyote?' Nikasema vyote, tena kwa fahari. Akakaa kwenye kiti. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele."

Fundi saa wa watu! Mtu anayejua kwamba saa inayotembea haifunguliwi. Alitaka kusaidia tu. Na kwa mapenzi yake yote aliharibu kila kitu.

Marehemu alirudi kliniki mbio. Akamweleza daktari. Daktari alikuwa amekwisha kuandaa chumba. Opereta alikuwa njiani. Na daktari, ambaye ni mtu mwema, msimfikirie vibaya, alisema: "Mama, labda hakijaharibika kitu. Tuendelee na huyu huyu. Nani atajua?"

Marehemu akamjibu: "Taratibu atajua."

Akatoa daftari. Lile daftari nililolifanyia mzaha mbele yenu. Akapekua mbwa wote wa mtaa wetu, miaka minne ya namba. Mbwa mmoja alikuwa na mbili nyingi, lakini wenyewe walishahama. Mwingine alikuwa na minyoo mwezi uliopita. Akabaki mmoja. Ukurasa baada ya ukurasa, mbili, mbili, mbili, tatu siku moja moja, kisha mbili tena.

Mbwa huyo anaitwa Mheshimiwa. Mbwa huyo, wasikilizaji wapendwa, ni wangu.

Hapo tulikuwa hatujasalimiana miaka minne. Ugomvi wetu ulianza hivi. Mheshimiwa ana tabia moja. Kila siku anaenda haja mahali pamoja tu: mbele ya lango la marehemu. Si la mwingine, lake. Mwanzoni kabisa alikuja kwangu asubuhi, kijiko mkononi. Mimi nikajua amekuja kushtaki. Sikumpa hata nafasi ya kufungua mdomo. Nilimfungia lango usoni, na Jumamosi yake nikamgeuza kichekesho.

Saa saba na nusu mchana, siku ile ya Alhamisi, nilikuwa sebuleni nakunywa chai. Kengele ikalia. Nikachungulia dirishani. Bibi Kijiko. Amesimama juani, daftari kwapani, kijiko kimechomoza mfukoni.

Sikutoka. Nataka mjue hilo. Nilikaa nikamalizia chai yangu. Kengele ikalia tena. Nikaongeza kikombe. Nilijiambia, ngoja aone na yeye raha ya kusimama nje. Dakika kumi na mbili. Nilizitazama kwenye saa ya ukutani, saa ambayo mume wake aliwahi kunitengenezea. Wakati huo Taratibu alikuwa amelazwa sakafuni kliniki, bwana wake ameweka kiganja ubavuni mwake anahesabu mbavu. Mimi nakoroga sukari. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha kitu kimoja maishani mwangu, ningerudisha dakika zile.

Hatimaye nikatoka. Nikasema, "Mama, kama ni kuhusu lango lako, nenda polisi."

Akasema, "Jirani, naomba mbwa wako kwa saa tatu."

"Umfanye nini?"

"Nahitaji kinyesi chake."

Nilicheka. Nilicheka mbele ya uso wake, nikiwa tayari natunga namna nitakavyowasimulia. Yeye hakununa wala hakucheka. Alifungua daftari akanipa. Nikasoma. Mheshimiwa, mbili. Mheshimiwa, mbili. Mheshimiwa, tatu, na pembeni: "mvua jana, labda amekula takataka." Miaka minne ya mbwa wangu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

"Mbwa wako ana utumbo mzuri kuliko mbwa wote wa mtaa huu," alisema. "Mwaka ule wa kwanza nilikuja kukuuliza unamlisha nini. Ulinifungia lango."

Akanieleza habari ya Taratibu, haraka haraka, kama mtu anayelipia kila neno. Aliponiambia bwana wa mbwa ni nani, nilifungua lango. Sauti ile naijua. Mama yangu mzazi alipolazwa wiki saba, nilipiga simu hospitali kila asubuhi. Kila asubuhi sauti ile ilisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Na asubuhi ya mwisho ilisema, "Pole ndugu yangu, ngoja nikuitie muuguzi mwenyewe." Aliniita ndugu yake kabla hata sijaambiwa.

"Umewahi kumpa antibiotiki?" marehemu aliniuliza. "Niambie ukweli. Hata kidonge kimoja. Ukinidanganya unamuua yule."

"Mama, mimi hata mimi mwenyewe najitibu kwa maji moto," nilimwambia. "Mheshimiwa hajawahi kuiona dawa hiyo." Kwa mara ya kwanza ubahili wangu ulimfaa mtu.

Saa nane na nusu tulikuwa kliniki. Kinyesi cha asubuhi ile alikuwa nacho tayari kwenye kopo, kwa ajili ya daftari lake. Akakiweka chini ya darubini. Sisi wote tumesimama nyuma yake. Akatazama upande huu, akasogeza, akatazama upande ule. "Safi," alisema. "Hakuna yai la mnyoo hata moja. Sasa nipeni kibichi."

Hapo ndipo shida ilipoanza.

Nilimtembeza Mheshimiwa uani mwa kliniki. Saa tisa. Hakuna kitu. Saa tisa na nusu. Alinusa ukuta, akakojoa, akakaa. Tukampa maji. Tukampa chakula kidogo kumwamshia tumbo. Akala, akalala! Saa kumi kasorobo. Daktari anachungulia dirishani, ameshavaa koti la safari. Nilimbembeleza mbwa yule kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Marehemu amesimama pembeni, kijiko mkononi.

Opereta alikuwa kwenye benchi, Taratibu miguuni pake. Akauliza, "Vipi, Mheshimiwa bado hajaamua?" Alijaribu kutania, lakini mkanda hakuuachia.

Saa kumi na dakika tano nikasema ukweli ambao nilikuwa naujua tangu saa tisa na naona haya kuutamka. "Mama," nikasema, "Mheshimiwa hafanyi mahali pengine. Tangu mdogo. Anafanya langoni kwako tu."

Akanigeukia. "Wewe humwelekezi?"

"Nimwelekeze?"

"Mimi miaka yote nilidhani umemfundisha," alisema. "Nilidhani unanitumia matusi."

Wasikilizaji, tafakarini hapo. Miaka minne aliamini kwamba jirani yake amemfundisha mbwa kumtukana langoni kwake kila kukicha. Na bado kila kukicha aliinama, akapima, akaandika namba ya haki. Hakunipunguzia hata alama moja.

Tulikimbia. Mtangazaji wenu mnene, mbwa, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye kijiko na kopo. Mitaa miwili. Watu wakapisha. Mmoja akapaza sauti, "Bibi Kijiko leo amekamata mwizi!" Wakacheka wote. Hicho kicheko nilikitambua. Nilikipanda mimi.

Langoni, Mheshimiwa akanusa. Akazunguka mara moja. Akasimama, akamtazama paka wa mbali. Akazunguka tena. Kisha, kwa heshima zake zote, akachuchumaa.

Marehemu aliinama. Akapima. Akanong'ona, "Mbili."

Saa kumi na dakika ishirini na tano tulikuwa tumerudi. Maji ya chumvi, kuchanganya, kuchuja, mara ya pili kuchuja. Daktari alimlaza Taratibu usingizi mwepesi, makalio yameinuliwa juu ya taulo lililokunjwa. Mpira ukaingia. Opereta alishika kichwa cha mbwa wake na kumwimbia chini chini, wimbo usio na maneno. Daktari alitoka saa kumi na moja na dakika mbili. Kilichobaki ni kungoja.

Ijumaa, saba. Maji matupu. Jumamosi, saba. Nilikuwa hapa studioni siku ile na wengine wenu mkapiga simu mkauliza, "Leo Bibi Kijiko hayupo?" Nikasema leo hayupo. Sikusema zaidi. Jumapili, sita. Marehemu aliniambia langoni, "Sita si saba."

Jumatatu saa tatu kasoro dakika kumi, msimamizi wa chuo alifika na gari lenye kizimba nyuma. Mtu mpole, lakini alikuwa na barua yake na kalamu yake. Sote tulikuwa uani: daktari, marehemu, mume wake, opereta, mimi. Taratibu alitembea polepole kwenye majani. Mbavu zinahesabika. Akachuchumaa.

Hakuna aliyesema kitu. Opereta alikuwa amesimama katikati yetu, uso wake unageuka huku na huku akitafuta sauti ya mtu. Akasema, "Jamani. Ni nini? Niambieni."

Marehemu alikwenda, akainama na kijiko chake. Alikaa pale chini muda ambao mimi niliuona kama mwaka.

"Tatu," alisema. Sauti ilimkatika. "Baba, ni tatu."

Opereta hakujua namba zile, lakini sauti aliijua. Alikaa chini kwenye majani, akamtafuta mbwa wake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Msimamizi alitazama kijiko, akatazama mbwa, akakunja barua yake akairudisha mfukoni. Akatoa mwezi mmoja wa kungoja. Mwezi ulipoisha Taratibu alikuwa na kilo ishirini na tisa, na mkanda wake ukarudi mgongoni. Mpaka leo anavusha njia panda mara mbili kwa siku. Mazishini, jana Ijumaa, aliivuka pia, akamleta bwana wake.

Siku ile ya Jumatatu, tukitoka kliniki, nilimwambia marehemu: "Mama, nisamehe. Jumamosi hii nitasema redioni. Nitawaambia kijiko ni cha nini."

Akacheka kidogo. "Usiseme mengi, jirani. Sema tu kwamba ilikuwa kazi."

Hilo tu ndilo aliloomba. Na Jumamosi ilipofika, sikusema. Niliona mtanicheka mimi. Nilisema, wiki ijayo. Wiki iliyofuata kulikuwa na mgeni studioni. Wiki nyingine nikasahau. Halafu nikaona jambo limepoa, ya nini kulifukua. Tulikuwa majirani wazuri sasa, tunasalimiana, tunaazimana ngazi. Hakunikumbusha hata siku moja, nami nikajidanganya kwamba amesahau.

Nilipokwenda kutoa pole, mume wake alinikaribisha, akanikalisha. Akaniambia hivi, bila kunilaumu, maana hajui: "Mke wangu hakuwa mpenzi wa redio. Lakini kwa miaka hii miwili, kila Jumamosi, alikuwa anaiwasha dakika tano kabla ya kipindi chako. Anakaa pale, anasikiliza mpaka mwisho, anazima. Sijui alikuwa anangoja nini."

Mimi najua alikuwa anangoja nini.

Binti yake alinipa daftari. Alisema, "Mama angependa liendelee, na wewe ndiye mwenye Mheshimiwa." Mstari wa mwisho ni wa Jumatatu, siku moja kabla ya kifo chake. Mheshimiwa, mbili. Jumanne ni tupu. Nimeiacha tupu. Jumatano asubuhi nilitoka na kijiko, mimi na tumbo langu hili, nikainama langoni kwake. Mtoto mmoja alipita akagonga kijiko kwenye kikombe. Sikumkaripia. Niliandika namba.

Kwa mume wa marehemu: pole sana, mzee wangu. Vile vidonge ulishasamehewa siku ile ile, marehemu aliniambia mwenyewe. Kwa binti: pole, mwanangu. Kwa daktari na wote wa kliniki, na kwa opereta ambaye najua anasikiliza sasa akiwa kwenye zamu yake, poleni.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemcheka kwa sababu hakuelewa anachofanya. Huenda mtu huyo ana redio. Huenda ameiwasha. Msingoje Jumamosi.

Mama, jirani yangu, nimechelewa. Ni Jumamosi, kipaza sauti ni hiki hiki, na wale wale waliocheka wananisikia.

Ilikuwa kazi.